Aendelee au Arudie

Siku ya kuagwa walinipa kitenge, feni ya mezani na hotuba nne. Feni inafanya kazi. Nilipewa pia karatasi moja, lakini hiyo nitaifikia, msinikimbize. Miaka yote nimekimbizwa na ratiba, sasa nasimulia kwa mwendo wangu.

Naitwa Somoe, Mmwera wa Narung'ombe. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wanaowafundisha wauguzi na wakunga. Ukimweleza hivyo mtu sokoni Nachingwea anakusikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kwa heshima, halafu anapandisha suruali akuonyeshe kidonda. Basi unakitazama kidonda. Nyie mliobaki kazini mmeniomba niandike nilichojifunza. Vyeo na mishahara sitavitaja, maana vya kwanza vilichelewa na ya pili mnaijua wenyewe.

Nilianza kama muuguzi tu, binti wa miaka ishirini na minne, mwembamba, mwoga, viatu vimenibana. Siku ya kwanza wodi ya wazazi nilikabidhiwa kwa mkunga aliyenizidi miaka sita, Bi. Zuhura, Mngoni wa kutoka Songea. Aliniuliza kabila kabla hajaniuliza jina. Nikamwambia Mmwera. Akapiga makofi.

"Alhamdulillahi, mtani! Nitakutesa wewe mpaka urudi kwenu kupalilia ufuta!"

Wangoni na sisi ni watani tangu babu zao walipokuja na mikuki na babu zetu wakawaachia ugali ukiwa bado motoni. Mtani hakasirikiwi. Anaweza kukucheka mbele za watu, anaweza kuingia msibani kwako akaigiza maiti, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Saa moja haijaisha nikafanya kosa langu la kwanza la kazi. Nilivaa glovu safi, tayari kumsaidia mama mmoja aliyekuwa kwenye uchungu, pua ikaniwasha, nikaikuna.

"Jamani njooni muone!" Bi. Zuhura akapaza sauti. "Glovu kavaa za serikali, pua kaleta ya kwao! Vua, nawa, vaa upya. Wewe Mmwera, humu pua inaachwa mlangoni."

Yule mama mwenye uchungu alicheka mpaka akashika kitanda. Mimi nikacheka. Nikavua, nikanawa, nikavaa upya, na kwa miaka mingi sikurudia kosa lile. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba pale nilikuwa nimefundishwa. Nilidhani nimechekwa tu.

Miaka ikaenda, nikasoma zaidi, nikapewa kazi ya kuzunguka vituo vya Nachingwea na Ruangwa kuwatazama walimu wa wodini wakifundisha. Nilikuwa na kalamu nyekundu na ujinga mwingi. Kwenye kituo cha Ruponda nilimkosoa muuguzi mmoja mtu mzima mbele ya wanafunzi wake, makosa saba, nikayataja kwa namba. Alinishukuru sana. Toka siku hiyo kila nikienda Ruponda nakuta anaumwa malaria. Mara tatu! Sijawahi kuona malaria inayofuata ratiba namna ile. Mara ya nne nilienda bila taarifa, nikamkuta anapepeta mchele, mzima kama mimi, na aliponiona akaanza kutetemeka kwa baridi.

Nikasema basi, wakaguane wenyewe kwa wenyewe. Nikamtuma Chande, kijana wa Kimakonde aliyekuwa mwalimu mpya kule Ruangwa, akamtazame mama mmoja wa siku nyingi akifundisha kupima presha. Mimi nikachungulia dirishani. Yule mama alimpima mgonjwa presha huku anabishana naye bei ya kuku. Chande akaleta fomu: Nzuri, Nzuri, Nzuri, mpaka chini.

"Chande, umeona alivyopima?"

"Nimeona, mwalimu."

"Imekaa sawa?"

"Haijakaa sawa, mwalimu."

"Sasa mbona umeandika Nzuri?"

Akatazama viatu vyake. "Mwalimu, yule ni sawa na mama yangu mzazi. Nitaanzaje?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bi. Zuhura na pua yangu. Kama heshima inafunga mdomo, kwa nini tusimtume mtu ambaye mila yenyewe imemruhusu kusema? Nikapanga upya: mtani amkague mtani. Nikatengeneza fomu fupi, ukurasa mmoja, na mwisho wake maneno mawili ya kuzungushia duara: Aendelee, au Arudie. Anayeandikiwa Arudie anawaacha wanafunzi kwanza, anarudia mafunzo, anapimwa upya.

Wee! Kazi ilichangamka. Myao akamwambia Mmakua wa Nambambo somo lake refu kuliko foleni ya mnada wa korosho, na yule Mmakua akalikata nusu wiki ile ile. Watu walicheka, wakarekebisha, wakala wali, wakaondoka. Hata malaria ya Ruponda ilipona.

Mimi mwenyewe nilikuwa namkagua mtani wangu Bi. Zuhura, ambaye sasa alikuwa mwalimu wa wodini huko huko Ruangwa. Ndiye aliyenilea kikazi, lakini siku ya ukaguzi nilikuwa naingia darasani kwake nikipiga yowe, "Wangoni wamevamia tena!" Naye anajibu, "Ficheni ugali, kaja Mmwera!" Kisha tunafanya kazi.

Lazima niwatajie na Sikujua. Kwetu Sikujua ni jina la mtu, wala si ajabu, lakini huyu ni mdoli wa mpira, mkubwa kama kichanga, wa kufundishia kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui. Wanafunzi ndio waliompa jina, kwa sababu kila aliyekosea kwake alijitetea kwa neno hilo hilo. Nilisafiri naye kwenye begi ambalo zipu yake haikufunga vizuri. Bodaboda mmoja alisimama katikati ya njia akakataa kwenda mbele.

"Mama, mguu wa nani huo?"

"Wa Sikujua."

"Na mimi sijui, mama. Teremka."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtoto akizaliwa kimya, una dakika moja. Unamkausha, unamsugua mgongo, na kama hajavuta pumzi unashika mfuko na barakoa, unampulizia hewa kabla dakika haijaisha. Zamani tulifundishwa kumnyonya kwanza mdomo na pua kwa kile kipira cha kubonyeza cha kutolea uchafu, unyonye tena na tena. Baadaye tukaelezwa kipira kitumike tu pale uchafu unapoonekana umeziba njia, maana wakati wewe unanyonya, dakika inakwisha. Bi. Zuhura alihudhuria mafunzo hayo, aliitikia kwa kichwa, alikunywa soda, akarudi Ruangwa na kipira chake.

Ningemwona siku ya ukaguzi, nikamcheka, yakaisha. Lakini kabla siku hiyo haijafika, mwanangu Rashidi akaniharibia kazi.

Rashidi ni mwanangu wa kwanza. Nchi nzima hii ina wasichana, yeye akampenda Salma, kitinda mimba wa Bi. Zuhura. Barua ya posa ikaenda, majibu yakaja, na siku hiyo mtani wangu akageuka mkwe. Na mkwe, jamani, si mtu wa kutaniwa. Mkwe unamwamkia umeinama, khanga kichwani, macho chini. Nilipoingia darasani kwake mara hiyo sikupiga yowe. Nikasema, "Shikamoo mkwe," nikakaa nyuma kama aliyekuja kuomba chumvi.

Akamweka Sikujua mezani. Akamkausha vizuri, vizuri kabisa. Halafu akachukua kipira. Akanyonya mdomo, akanyonya pua, akarudi mdomoni, anaeleza kwa upole, wanafunzi wanaandika. Nikatazama saa ya ukutani. Dakika ikapita. Ikapita na nusu nyingine. Mfuko wa hewa ulikuwa bado upo mezani, haujaguswa.

Nilijua. Sikujua ni jina la mdoli, mimi nilijua. Nikaishika penseli na kila nilipotaka kuandika nikaiona posa, nikawaona wazee wa pande mbili, nikamwona Rashidi alivyonenepa kwa furaha. Nikaandika Nzuri, mpaka chini. Nikazungushia Aendelee, nikatia saini. Nyumbani kwake nilikuwa nimeandaliwa pilau la kuku, na lilikuwa tamu, kitu kinachoniudhi mpaka leo.

Miezi minne ikapita. Harusi ikabaki wiki tatu. Asubuhi moja Chande akanipigia simu.

"Mwalimu, leo mtoto kazaliwa hapumui. Kulikuwa na mwanafunzi peke yake dakika ile. Nimeingia nimemkuta ananyonya kwa kipira. Ananyonya tu, mwalimu. Mtoto kawa wa bluu."

"Chande!"

"Yuko hai. Nimeshika mfuko, nikampulizia. Kalia baadaye sana, lakini kalia. Yuko na mama yake, ananyonya."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Chande hakukata simu.

"Nimemuuliza mwanafunzi kwa nini. Anasema ndivyo Bi. Zuhura alivyowafundisha, na fomu yake imebandikwa ukutani ina Nzuri mpaka chini." Kisha akaongeza, "Mwalimu, fomu ile umesaini wewe."

Nilikuwa jikoni. Nilikaa juu ya ndoo. Niliona aibu, jamani, aibu ya kutaka kujifunika gubigubi. Na hesabu ilikuwa wazi. Nikisema, Bi. Zuhura anaondolewa kwa wanafunzi miaka miwili kabla ya kustaafu, mwanamke ambaye bila wanafunzi hali chakula vizuri, na harusi sijui itasimama wapi. Nikinyamaza, mtoto mwingine anakuja, na siku hiyo Chande huenda yuko chooni.

Nikamfunga Sikujua kwenye khanga, nikampakata, nikaenda Ruangwa.

Bi. Zuhura alinipokea kwa mkeka mpya. Tukaamkiana. Tukaulizana habari za nyumbani, za shambani, za mikorosho, za shangazi ambaye hata jina lake silijui. Saa nzima! Kila nikifungua mdomo inatoka "mkwe". Mwishowe yeye ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akanyoosha kidole.

"Mkwe, hicho ulichopakata ni nini? Usiniambie umeniletea mjukuu kabla ya ndoa."

Akajitahidi asicheke, akashindwa. Ule mwanya mdogo ndio nilioupitia.

"Ndiye mjukuu wetu, bibi yake," nikasema, nikamlaza Sikujua mkekani. "Kazaliwa sasa hivi. Hapumui. Msaidie."

Alinitazama. Kisha mikono ikaanza kazi yenyewe, maana mikono ya mkunga haisubiri. Akamkausha kwa pindo la khanga. Akamsugua mgongo. Akatoa kipira kwenye mkoba wake, maana alikuwa anatembea nacho, akaanza kunyonya. Mimi nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi. Ishirini. Akanyonya pua. Arobaini. Akarudi mdomoni. Hamsini. Sitini.

Nikajitupa mkekani, nikashika kichwa, nikalia kama mtani msibani. "Uwiii! Jamani Wamwera wenzangu, njooni! Wangoni safari hii hawakuchukua ugali, wamechukua mjukuu! Wamemnyonya mpaka wamemmaliza!"

Majirani wakachungulia. Bi. Zuhura alikuwa ameduwaa, kipira kimebaki hewani. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Imetokea kweli?" akauliza taratibu.

Nikaketi, nikafuta machozi, ambayo kufikia hapo yalikuwa ya kweli. Nikamweleza yote, mtoto, mwanafunzi, Chande. Akasikiliza mkono ukiwa juu ya kifua cha mdoli.

"Ulinikagua mwezi ule," akasema. "Ulinikuta nafundisha hivi?"

"Nilikukuta."

"Ukaona?"

"Niliona."

"Ukaandika Nzuri."

"Nilikuheshimu, mkwe."

"Tangu lini?" Sauti ikapanda. "Tangu lini wewe Mmwera ukaniheshimu? Mimi nilikuaibisha kwa pua, Somoe! Pua! Mbele ya mzazi, siku yako ya kwanza, kwa sababu nilikupenda. Wewe umeniona naua mtoto wa mpira, ukala pilau langu, ukaenda zako. Miezi minne nimewafundisha watoto wa watu upuuzi, na wewe unajua!"

Nilimwambia nisamehe, nikalirudia. Akamfunika Sikujua vizuri kana kwamba anasikia baridi. Kisha akaingia ndani akatoka na fomu tupu, akanipa na penseli.

"Andika ulichokiona siku ile. Chote. Na chini uzungushie panapostahili."

Nikaandika chote, nikazungushia Arudie. Akaisoma, akaikunja, akasema harusi ipo palepale, wanaooana ni watoto. "Ila ukwe waachie wao. Mimi na wewe tunarudi kwenye utani, tena leo. Ukiniheshimu tena nitakupiga."

Kesho yake aliibandua ile fomu ya Nzuri mwenyewe, akabandika ya Arudie. Akasimama mbele ya wanafunzi wote. "Nilichowafundisha kuhusu kipira ni makosa. Nilikosea mimi. Na huyu hapa," akanivuta mkono, "aliniona nakosea akanyamaza. Muangalieni vizuri sura yake." Wakaniangalia. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa wengi, lakini hakuna aliyewahi kuniangalia vile.

Akarudia mafunzo, amekaa benchi moja na mabinti aliowafundisha, mwalimu wao akiwa Chande. Chande alimpima mara ya kwanza akaandika Arudie. Alikuja kuniambia huku jasho linamtoka, mimi nikamwambia nenda ukanywe maji, leo umekuwa mwalimu. Mara ya pili akamwandikia Aendelee, na Bi. Zuhura akafundisha ile miaka miwili yake ya mwisho akiwa na saa mkononi na kipira ndani ya kabati. Kwenye harusi alinifichia kiatu kimoja, nikacheza nikiwa pekupeku.

Sasa ile karatasi. Somo langu la mwisho nililitoa Nachingwea, kwa walimu wapya wa wodini, asubuhi ya siku ile ile ya kuagwa. Chande ndiye aliyeliandaa. Nilipoingia nikamkuta Bi. Zuhura amekaa nyuma, amestaafu zamani, meno mawili yamemwacha, ana fomu na penseli. Nikafundisha. Nilifundisha vizuri, nasema ukweli, nilijisikia hivyo. Nilivaa glovu, nikamchukua Sikujua, nikaonyesha kila hatua, dakika haikufika. Wakapiga makofi.

Bi. Zuhura akanipa fomu. Nzuri, Nzuri, Nzuri, mpaka chini.

Nikaigeuza, nyuma hakuna kitu. "Bi. Zuhura, hata kosa moja?"

Akavuta khanga kichwani, akainamisha macho. "Ah, mkwe wangu. Mimi ni nani hata nimkosoe mama mkwe wa mwanangu? Twende ukale pilau."

Mimi machozi yananilenga. Ndipo mabega yake yakaanza kutikisika, akaangua kicheko cha meno yaliyobaki, akachomoa chini ya khanga karatasi ya pili, imejazwa pande zote mbili.

"Kaa chini, Mmwera!"

Akasoma kwa sauti. Nimeuliza "mmeelewa?" mara kumi na moja, hakuna aliyejibu hapana wala hatatokea. Nimempa mgongo binti wa dirishani aliyenyoosha mkono mara mbili. Nimeongea na mdoli kuliko nilivyoongea na wanafunzi. Na mstari wa mwisho, ambao aliusoma polepole akiwatazama wote: "Amejikuna pua na glovu."

"Uongo!" nikaruka.

"Umejikuna, mwalimu," akasema Chande kutoka mlangoni. Alisema hivyo mbele ya watu wote, bila kutazama viatu.

Chini palikuwa na duara, limekolezwa mara tatu. Arudie.

"Lakini nimestaafu," nikamwambia.

"Umestaafu wewe. Pua haijastaafu. Jumatatu saa mbili."

Jumatatu saa mbili nilikuwa mbele ya darasa la Chande, bila malipo na bila chai, Bi. Zuhura nyuma kabisa na penseli yake. Nikamlaza Sikujua mezani. Nikanawa, nikavaa glovu, nikainua mikono, na wallahi nawaambia, pua ikaanza kuniwasha.